Re: Kazi imekwisha, usingizi nao umenitoroka

> Habari zenu ndugu. Kampuni imepunguza watu na mimi nimo. Nyumbani sijamwambia mtu, bado natuma hela kutoka kwenye akiba. Usiku silali, mchana sina nguvu hata ya kuandika barua ya maombi. Hivi huu ni uvivu au naumwa?

Pole sana kaka. Uvivu siyo. Na hauko peke yako humu, ila wengi tunalimeza swali hilo.

Austria kulikuwa na kijiji kinaitwa Marienthal, kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, mtafiti Marie Jahoda na wenzake walikwenda kuangalia watu wanaishije, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1933. Watu walikuwa na muda tele, lakini vitabu walivyoazima maktaba vilipungua. Wanaume walitembea polepole, wakisimama njiani, na walipoulizwa siku imepitaje, hawakuwa na la kusimulia. Ndivyo ulivyo sasa.

Akili nayo hubanwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa hawana hela, kisha baada ya mavuno. Watu ni wale wale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye maswali ya kufikiri. Kwa hiyo nakuomba, usichukue mkopo wowote usiku kwenye simu. Barua za madeni zifungue mchana, ukiwa na mtu pembeni. Kodi ya nyumba na kibali cha kuishi vitangulie. Wanaokudai wapigie kabla ya tarehe ya malipo. Wengi hukubali kupunguza kiwango cha mwezi ukiwahi, na huwa wagumu ukishapitisha.

Sasa hili la nyumbani, ndilo linalonikosesha raha. Hela unayotuma inawaambia mambo ni mazuri, kwa hiyo maombi yataongezeka huku akiba inakwisha. Unabeba deni, na unabeba siri. Andika ujumbe mfupi, bila maelezo marefu: “Kazi imesimama. Kwa sasa nitalipa ada ya shule tu, mengine yasubiri. Nikipata kazi nitawaambia.” Mtumie kwanza mmoja unayemwamini, yeye awaandae wengine. Wapo watakaonuna. Wanune, lakini wajue.

Na niseme wazi, maana tumeshazika watu huku ugenini tukabaki kuulizana alikuwa na nini. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa Asia wa mwaka 1997, waliojiua waliongezeka Japani, Korea Kusini na Hong Kong. Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990 ajira zilipotea kwa wingi, lakini vifo vya namna hiyo havikupanda, na watafiti wanahusisha hilo na namna wasio na kazi walivyosaidiwa. Msaada unaokoa, kaka. Huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, nenda kwa daktari umweleze kila kitu, kazi na usingizi. Inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika. Likikujia wazo la kufa, usisubiri asubuhi: piga namba ya dharura ya hapo ulipo, au nipigie mimi, saa yoyote.

Dada yako

---

Nakubaliana na dada kwa yote, naongeza moja. Kama kibali chako kimefungwa kwa mwajiri, kuna muda maalumu wa kupata kazi nyingine au kubadili aina ya kibali, na kila nchi ina wake. Woga wa kutojua unamaliza watu kuliko tarehe yenyewe. Niandikie pembeni uko nchi gani na una kibali cha aina gani, leo jioni tukae tuusome utaratibu wao pamoja.