Redio ya Babu

Kikundi: Ukoo wa Kemondo
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mimi: [picha] Shikamooni wazee wangu. Leo sikukuu, tangu asubuhi mimi na Bibi tunatoa vitu stoo. Tazameni kilichokuwa chini ya magunia ya kahawa.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Jamani! Redio ya baba, ile National!

Baba Mdogo (Dar): Siamini. Ule mpira wa baiskeli aliofungia mlango wa betri bado upo?

Mimi: Ulikuwepo. Nimeugusa tu, umekatika.

Baba Mkubwa: Hiyo alinunua 1977, mwaka kahawa ilipokuwa na bei. Mama alitaka cherehani. Baba akarudi kutoka mnadani na redio kichwani, watoto wa kijiji kizima nyuma yake.

Mama: Mimi nilipoolewa hapo niliikuta juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Shemeji yangu mmoja alinionya siku ya kwanza kabisa: hapo usiguse.

Baba Mdogo (Dar): Betri zikichoka tunazianika juani. Mchana kutwa zinalala kwenye bati, saa mbili usiku zinatosha taarifa ya habari, halafu basi.

Mimi: Leo Siku ya Mwalimu, na kila mwaka nasikia watu wakiulizana walikuwa wapi alipofariki. Mimi sikuwa hata nimezaliwa. Nyie mlisikia kwenye redio hii?

Baba Mkubwa: Hiyo hiyo. Nakumbuka kama jana. Rais Mkapa ndiye aliyetangaza. Baba alikuwa amekaa kizingitini. Aliposikia akainuka, akatoka uani, akavua kofia yake, akasimama kwenye mvua mpaka shati likamgandia mwilini. Sikuwahi kumwona baba hivyo. Hakuna aliyethubutu kumwita aingie ndani.

Shangazi (Mwanza): Kaka.

Shangazi (Mwanza): Mwalimu alifariki 1999. Baba tulimzika 1997.

Baba Mkubwa: Hapana dada, mimi nilimwona.

Shangazi (Mwanza): Uliona kweli, sibishi. Ila haikuwa siku ile.

Mimi: Nimemsomea Bibi. Anasema niandike hivi, maneno yake: "Mwambie mwanangu hakukosea kuona, amekosea mwaka. Ile ilikuwa ya Sokoine. Aprili 1984, masika, mvua haikatiki. Mwalimu mwenyewe alisema redioni jioni, kwamba Waziri Mkuu amepata ajali ya gari akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Baba yenu alimpenda sana yule kijana. Alisimama nje mpaka nikamfuata na mwamvuli, akaukataa."

Baba Mkubwa: ...

Baba Mkubwa: Mama ana haki. Mwamvuli mweusi. Sasa nauona.

Baba Mkubwa: Miaka ishirini na zaidi nimewasimulia watu kwamba baba alimlilia Mwalimu. Hata msibani kwa watu nimesimulia. Nadhani nilitaka awepo siku ile, kwa jinsi alivyompenda Nyerere. Mimi mwenyewe 1999 nilikuwa Muleba, nilisikia dukani kwa mtu, nimenunua chumvi. Nikaondoka bila chumvi.

Mama: Pole shemeji. Mbona hata hilo la chumvi ni lako na ni la kweli.

Baba Mdogo (Dar): Mimi siku ile nilikuwa huku Dar. Ilikuwa Alhamisi. Tulijua anaumwa, yuko hospitalini London, kila siku redio inataja hali yake, na bado ilipokuja ilitukata miguu. Mwili ulipoletwa nilisimama Barabara ya Pugu tangu alfajiri, ndiyo hii sasa inaitwa Nyerere. Watu wameparamia miti na mapaa. Msafara unapita, pamoja na wingi ule wa watu nasikia injini za magari tu. Kisha mama mmoja pembeni yangu akaanza kulia kwa sauti, na sisi wote.

Binamu (Toronto): Habari za huko wapendwa, ndiyo naamka. Baba Mkubwa, na vita vya Kagera? Huwa nawaambia wanangu ulikuwepo, lakini sina la kuwaeleza.

Baba Mkubwa: Nilikuwa na miaka 11. Vita kwetu havikuanza na redio, vilianza na watu. Mwisho wa Oktoba 1978 barabarani wakaanza kupita watu wa kutoka ng'ambo ya mto, wana mbuzi, wana magodoro, bibi mmoja kabeba kuku wake kwapani na hana kitu kingine. Askari wa Amin walikuwa wamevuka mpaka, na daraja la Kyaka wakaja kulivunja. Mama alipika chungu kile kikubwa cha sherehe siku nne mfululizo, yeyote anayepita anakula.

Baba Mkubwa: Ndipo tarehe 2 Novemba Mwalimu akazungumza na wazee wa Dar es Salaam, redio inarusha. Hapa uani walijaa watu sijui mia, wengi ni wale wakimbizi. Aliposema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, hakuna aliyeshangilia. Dar labda walishangilia. Hapa watu walikuwa wameacha nyumba zinaungua. Mzee mmoja aliuliza tu, "Lini?"

Baba Mkubwa: Hilo neno limenikaa kuliko hotuba yote. Na mwaka huo sijakosea, namshukuru Mungu.

Binamu (Toronto): Nimelinakili. Jioni nawasomea.

Mama: Kijana wangu wa Dar, na bomu la ubalozi? Ulikuwa ndiyo kwanza umefika mjini.

Baba Mdogo (Dar): 1998, Agosti 7, Ijumaa, kesho yake Nane Nane. Nilikuwa kibaruani Kinondoni, tunachanganya zege. Kishindo kikaja kutoka upande wa Oysterbay, vioo vya jirani vikamwagika chini. Tukasema labda tangi la gesi. Baadaye mchana ndipo tukasikia na Nairobi nako, saa ile ile, na kule waliokufa wamepita mia mbili. Kwetu walikufa 11. Nilikuwa na miaka 19 na nilitaka kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sikuwa na nauli.

Binamu (Toronto): Shangazi umenyamaza. MV Bukoba ilipozama si ulikuwa Mwanza?

Mama: Mwanangu, hilo liache.

Shangazi (Mwanza): Mwache wifi. Ameuliza vizuri.

Shangazi (Mwanza): Nilikuwa chuo cha ualimu, Butimba. Tarehe 21 Mei 1996, Jumanne. Niliomba ruhusa asubuhi nikapokee mzigo bandarini. Mama alikuwa ametuma kwa mtu.

Shangazi (Mwanza): Meli kwa kawaida inaingia asubuhi. Tulikuwa wengi, wenye mikokoteni, wenye baiskeli za kubebea ndizi, wengine wana watoto mgongoni wamekuja kumpokea baba. Muda ukapita. Halafu wavuvi wakaja na habari kwamba meli imelala. Walisema hivyo, imelala. Nikafikiri imeharibika, imepumzika mahali.

Shangazi (Mwanza): Ilikuwa imepinduka karibu kabisa na kufika. Walisafiri usiku kucha wakabakiza kipande tu. Ilitengenezwa kwa abiria 430 na waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 800, kwa hiyo nyie pigeni hesabu wenyewe mle ndani palikuwaje. Tumbo la meli lilikuwa juu ya maji na watu walikuwa hai ndani, wanagonga chuma. Wakaja kulitoboa ili wawatoe. Hewa ikatoka, meli ikashuka. Sisi pale bandarini hatukuona, tulihadithiwa na waliorudi na mitumbwi. Lakini hiyo sauti ya kugonga ambayo sikuisikia ndiyo ninayoisikia.

Shangazi (Mwanza): Mikungu ya ndizi ilikuja ufukweni siku kadhaa. Hakuna aliyeiokota.

Mimi: Pole sana Shangazi.

Baba Mdogo (Dar): Dada, mimi sijawahi kukwambia ya upande wa huku. Nilikuwa nyumbani, nina miaka 17. Redio ilisema mchana. Haikupita dakika kumi mama wa yule dada aliyebeba mzigo wako akaingia hapa mbio, maana kwake hapakuwa na redio. Akakaa chini, sikio kwenye spika, mpaka giza. Wa daraja la tatu hawakuwa hata kwenye orodha ya majina, kwa hiyo alikuwa anasubiri kitu ambacho redio haina. Betri zikafa. Baba akaenda chumbani akatoa nne mpya, alikuwa amezificha kwa ajili ya mpira. Akaniambia, "Ibebe, mpelekee, akae nayo kwake." Ikakaa kule mpaka matanga yakaisha na zaidi. Baba alikuwa anakwenda kusikiliza taarifa ya habari pale kwao, ukutani kwa nje, hakutaka kuingia akaonekana anadai redio yake.

Shangazi (Mwanza): Sikujua hilo.

Shangazi (Mwanza): Naomba Bibi yenu asomewe hiki ninachoandika sasa. Mama, yule dada nilimwogopa mama yake maisha yangu yote. Kila Krismasi nikija napita njia ya kwenye migomba ili nisipite mbele ya mlango wake. Najua alipanda ile meli kwa sababu ya mzigo wangu. Niliandika barua nimeishiwa, ukamtuma.

Mimi: Namsomea.

Mimi: Subirini kidogo, Bibi anafuta macho.

Mimi: Anasema: "Nani alikwambia hivyo?"

Shangazi (Mwanza): Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe.

Mimi: Bibi anasema, naandika taratibu asije akasema nimeruka: "Yule binti alikuwa anafuata vitenge Mwanza kila mwezi. Tiketi alikuwa nayo tangu Jumamosi. Mimi nilimkuta njiani Jumatatu anashuka bandarini Kemondo na mizigo yake, nikamkimbilia na kifurushi chako mkononi. Hata kusimama hakusimama vizuri, alikipokea anatembea. Kama nisingempa angekwenda. Mama yake anajua. Mwaka wote ule ananiuliza, mwanao aliyekuwa akimsubiri bandarini hajambo? Mimi nikadhani hupiti kwake kwa sababu ya uchungu tu."

Baba Mkubwa: Ee Mungu.

Shangazi (Mwanza): Mama, ulinitumia nini? Sikuwahi kuuliza.

Mimi: "Karanga za kukaanga, ndizi mbivu, na shilingi elfu tano nimezifunga kwenye pindo la kanga. Ile ya njano."

Mama: Wifi, upo?

Shangazi (Mwanza): Nipo. Nimefunga mlango wa chumba ili wanangu wasiniulize.

Mimi: Mimi nilikuwa nataka kuwasimulia 2021, Magufuli alipofariki. Nilikuwa hosteli Dodoma. Saa tano usiku Makamu wa Rais, Mama Samia, alitangaza TBC, sisi wote tukaona kwenye simu, kila mtu kitandani kwake chini ya shuka. Korido nzima kimya. Sikujua nimkalie nani karibu. Nikampigia Bibi.

Binamu (Toronto): Hapa ilikuwa saa kumi jioni, niko kazini, nikaenda kujifungia stoo. Hakuna wa kumwambia.

Shangazi (Mwanza): Mama, yule mama bado anaona?

Mimi: Bibi anasema macho yamekwisha ila masikio mazima, na anakujua kwa sauti.

Shangazi (Mwanza): Nakuja wiki ijayo, sisubiri Krismasi. Meli sijapanda tena tangu siku ile, na kivuko nilikuwa napanda nimefumba macho. Sasa kuna daraja la Kigongo hadi Busisi, nitakuja na basi. Mwanangu, hiyo redio usiipeleke popote, ifute vumbi tu.

Baba Mdogo (Dar): Inakula betri nne, zile kubwa. Bado zinauzwa huko?

Baba Mkubwa: Zinauzwa. Niko karibu na duka sasa hivi, nanunua nane.