Kumwekea mbwa akiba ya saratani: utu au jeuri ya pesa?

BabaBosi
Wakuu, salama? Mbwa wangu Bosi, dume la miaka minne, alianza kudondosha matone ya damu sehemu za siri. Nikadhani ni mkojo mchafu, akachomwa antibayotiki mara mbili, hola. Daktari wa mifugo kumkagua vizuri akakuta kinyama kimechanua kama koliflawa. Ile saratani ambayo mbwa huambukizana wakipandana. Inatibika: sindano ya vinkristini kila wiki, wiki nne hadi sita hivi, na kipimo cha damu kila kabla ya kuchomwa. Ukijumlisha na kirikuu cha kukodi (bajaji wakimwona tu wanaondoa chombo), nitagonga laki sita na ushee. Sikuwa nimejipanga, nimegusa ada ya mtoto. Sasa nimefungua kibubu kwenye laini ya pili, 30,000 kila mwezi, ya Bosi peke yake. Mama watoto kanuna. Je, mtu wa kipato cha kawaida kumtengea mbwa fungu la matibabu ni sawa, au nimepotoka?

Chumvi Nyingi
Umepotoka. NHIF, mfuko wa bima ya afya, walipositisha Toto Afya Kadi 2023, ile bima ya watoto ya 50,400 kwa mwaka, mtaani kwenu walibaki watoto bila bima. Kibubu chako kwa mwaka ni 360,000. Hao ni watoto saba, na chenji. Halafu swali la kichokozi: dada wa kazi hapo kwako unamlipa ngapi?

BabaBosi
Dada anaingiaje hapa? Dada anakula kwangu, analala kwangu, sikukuu namnunulia nguo. Mimi nimeuliza habari za mbwa.

Chumvi Nyingi
Nimeuliza ngapi, sikuuliza anakula nini. Bosi naye anakula na kulala kwako.

Kijana wa Mbauda
😂😂 Mkuu umechomwa kabla ya Bosi.

Daktari wa Zizi
Mimi ni mtu wa mifugo, zao la SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro. Turudi kwenye mada. Saratani hii ni ya ajabu: si kirusi, ni chembe zenyewe za saratani zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa. Kwa hiyo bajeti ya kwanza ni geti linalofungika na kumhasi akiwa mdogo, asiwe na haja ya kuzurura. Hiyo unalipa mara moja. Kibubu ni kizuri kwa yale usiyoweza kuyazuia, mfano saratani ya mfupa kwa mbwa wenye umbo kubwa. Huko unazungumzia kukata mguu, na gharama haifanani hata kidogo na hii. Angalizo: vinkristini ichomwe kwenye mshipa na anayejua. Ikivuja nje ya mshipa, nyama inaungua. Na siku chache baada ya sindano, anayesafisha mkojo na kinyesi avae glovu, watoto wakae mbali.

Chumvi Nyingi
Na anayesafisha huo mkojo ni nani, BabaBosi? Mama watoto aliyenuna?

BabaBosi
Glovu nimenunua boksi zima. Acheni kunifanya mkoloni.

Sofia wa Sinza
Nimefanya kazi za ndani miaka sita. Mbwa alikuwa na siku zake za mapupu, Jumanne na Ijumaa, nachemsha mimi, napooza mimi. Nilipoumwa malaria niliambiwa nimeze Panadol nilale. Mbwa alipogoma kula, gari liliwashwa saa nne usiku, na mimi nikapakiwa nyuma kumshikilia kichwa. Sina ubaya na mbwa, yule alikuwa ananipenda kuliko wenye nyumba. Basi tu.

Mpwa wa Tanga
Kwani vinkristini si ndiyo inatoka kwenye yale maua ya pinki ya Madagaska? Bibi kayapanda mlangoni tele. Chemsha, mnyweshe, laki sita inabaki mfukoni.

Daktari wa Zizi
USICHEMSHE! Dawa inatoka humo, kweli, lakini mmea wenyewe ni sumu. Utamzika mbwa kesho asubuhi.

Mpwa wa Tanga
Mbona bibi anakunywa kwa ajili ya sukari?

Daktari wa Zizi
Mwambie aache. Leo.

Mzazi wa Mmoja
Vinkristini ndiyo aliyochomwa mwanangu, saratani ya damu, akiwa na miaka mitano. Kuna wiki dawa haikuwepo, baba yake akazunguka maduka ya dawa mjini na karatasi mkononi kama anayetafuta kiwanja. Simchukii Bosi. Ila niliposoma hapa kwamba mbwa anachomwa dawa ileile, niliweka simu chini kwanza.

Kijana wa Mbauda
Pole sana mama. Lakini kuhusu dada wa kazi, amri ya mishahara ya 2022 iliandika 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri. BabaBosi ataje tu yaishe.

Ustadh Mpole
Kuna hadithi sahihi ya aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa. Kumtibu ni jema. Kumlaza sebuleni ndiyo siafiki.

BabaBosi
Ustadh, nani kasema analala sebuleni? Ana banda, nimelipiga bati mwenyewe. Haya, kwa vile mmenikalia kooni: namlipa hamsini. Ila vocha namwekea kila wiki na sabuni sikati.

Chumvi Nyingi
HAMSINI!! Yaani mbwa kibubu thelathini, binadamu hamsini na sabuni?

Sofia wa Sinza
Sabuni 😂 Hata mimi sikukatwa sabuni.

BabaBosi
Mimi nilikuja kuuliza mambo ya saratani jamani. Jumamosi anachomwa ya tatu, kinyama kimeshanywea nusu, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nyuki wa Kahama
Nimeanzia kusoma katikati. Huyo Bosi anayechomwa sindano ndiye anayemlipa dada hamsini?