Uraia nimelipia, kiapo nimekula, dini yangu mnaitukana na sheria inawaruhusu: mnataka nini tena?

Wakuu, assalaam alaykum kwa wanaohusika, na habari za leo kwa wengine wote.

Uzi huu nauanzisha nikiwa na hasira na sitajifanya vinginevyo. Kuna mada hapa ilihusu yale maandamano ya London ya Septemba 2025, yaliyoitishwa na Tommy Robinson, Mwingereza anayepinga Uislamu na wahamiaji, ambayo polisi walikadiria yalikusanya watu zaidi ya 110,000. Nimesoma michango mpaka usingizi ukakata. Watanzania wenzangu, wengine nawaheshimu kwa hoja zao kwenye mada za uchumi, wanatuandikia sisi tunaoishi Ulaya: "Wabeba boksi mmezidi kulialia. Kama Ulaya inawabana na dini yenu, rudini kwenu."

Kwetu wapi? Nimezaliwa Unguja, lakini sheria ya uraia ya Tanzania iko wazi: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania anaupoteza. Nilipokuja kumzika mama mdogo nilipanga foleni ya viza uwanja wa ndege pamoja na watalii waliovaa kaptula, nikatoa dola 50, nikagongewa muhuri wa mgeni. Basi huko kwenu ninyi mimi ni mgeni. Na huku nilikohamia naambiwa nirudi huko.

Sasa niwaeleze uraia wa Uingereza unavyopatikana, maana naona watu wanadhani tunaokota pasipoti barabarani. Kuna mtihani wa maswali 24 kwa dakika 45, ukipata chini ya 18 umefeli, unalipa tena. Unaulizwa habari za Henry VIII na wake zake sita, mambo ambayo Mwingereza niliyekuwa nafanya naye kazi alikiri hayajui. Ada ya maombi leo imevuka pauni 1,600 kwa kichwa. Halafu unaitwa ukumbi wa halmashauri, unasimama na wenzako mnaapa utii kwa ufalme (wakati wangu alikuwa bado Malkia), mnaahidi kuheshimu haki na uhuru wa nchi hii na kufuata sheria zake, mnaimba wimbo wa taifa. Mimi nilichagua kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Muislamu yeyote anajua uzito wa kuapa kwa jina la Mungu. Sikuapa nikicheka.

Na miongoni mwa sheria nilizoapa kuzifuata ni hii, naomba muisome taratibu. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya uchochezi wa chuki za kidini. Ndani yake wakaweka kifungu kinachosema wazi kwamba sheria hiyo haizuii mtu kuikosoa dini, kuichukia, kuidhihaki wala kuitukana. Miaka miwili baadaye, 2008, wakafuta kabisa kosa la kukufuru, ambalo hata lilipokuwepo lilikuwa linalinda Ukristo tu. Waislamu waliotaka Salman Rushdie, mwandishi wa kitabu cha "Aya za Shetani", ashitakiwe kwa kosa hilo waliambiwa hivyo hivyo na mahakama: sheria hii haiwahusu ninyi.

Kwa hiyo makubaliano nayajua. Dini yangu inaweza kutukanwa mchana kweupe na polisi wasifanye kitu. Nimekubali. Inaniuma, lakini nimekubali, kwa sababu upande wa pili wa makubaliano ni huu: mimi mwenyewe, mlango wangu, mtoto wangu na msikiti wangu haviguswi. Upande wangu nimeutimiza. Wa kwao uko wapi?

Mei 2013 vijana wawili walimuua askari Lee Rigby pale Woolwich, London. Waingereza wale, wazazi wao Wanigeria, Uislamu waliuingia ukubwani. Hazikupita wiki mbili, kituo cha Wabarawa kule Muswell Hill, kaskazini mwa London, kikateketezwa kwa moto, ukutani wakaacha herufi za EDL, kundi la Waingereza wapinga Uislamu. Wabarawa mnawajua? Ni watu wa pwani ya Somalia wanaozungumza Chimwiini, ndugu wa damu wa Kiswahili tunachoandikia hapa. Walikimbia vita kwao, wakajenga mahali pa kusomeshea watoto Kurani. Woolwich iko ng'ambo ya mto, mji mwingine kabisa ukitazama ukubwa wa London. Wanahusikaje?

Tuje Southport, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Tarehe 29 Julai 2024 watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu kwenye darasa la kucheza muziki. Jioni ile ile mtandaoni pakasambazwa jina la Kiarabu la kubuni, eti ni mkimbizi Muislamu aliyeingia kwa boti. Kesho yake msikiti wa Southport ukapigwa matofali watu wakiwa ndani. Jaji alipoamua jina halisi litajwe, muuaji akawa kijana wa miaka 17, mzaliwa wa Cardiff, wazazi wake Wakristo kutoka Rwanda. (Najua atakuja mtu na ile nyaraka ya al-Qaida iliyokutwa kwenye vifaa vyake. Sawa. Waendesha mashitaka wenyewe walisema hawakuona itikadi yoyote nyuma ya mauaji yale, ni mtu aliyependa ukatili.)

Wiki ile nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Asubuhi tunakabidhiana zamu jikoni, birika linachemka, televisheni imewashwa bila sauti. Msimamizi anageuka, mbele ya wenzangu, ananiuliza: "Na ninyi mtasema lini kitu kuhusu hili?" Nikamuuliza sisi kina nani. Akasema nisijifanye sielewi. Siku jina lilipotangazwa nikamfuata nikamwambia kijana si Muislamu. Akajibu, "Haya, lakini unajua nilichomaanisha," akaendelea kukoroga chai yake. Mimi ndiye ninayembadilisha nepi mama yake mwenyewe, anaishi ghorofa ya pili ya jengo lile lile. Usiku wa manane akilia ananiita mimi.

Tarehe 4 Agosti wakavamia hoteli Rotherham yenye wakimbizi zaidi ya 200 ndani, wakasukuma pipa la taka linalowaka moto mlangoni. Msikitini kwetu ilitumwa ujumbe kina mama tusitembee peke yetu. Nilikaa wiki nzima napanda teksi kwenda kazini, pesa ya chakula inaishia kwa dereva.

Kinachonitoa povu hasa ndicho hiki. Mke wa diwani mmoja wa Northampton aliandika mtandaoni, siku ile ile ya mauaji, kwamba watu wafukuzwe kwa wingi na hoteli zilizojaa wakimbizi zichomwe moto, yeye haimhusu. Akakiri kosa mwenyewe mahakamani, akapewa miezi 31. Alipotoka Agosti 2025 akapokewa kama shujaa wa uhuru wa kusema, akapandishwa jukwaani kwenye mkutano wa Reform, chama kinachopinga uhamiaji. Uhuru wa kusema! Mjadala wa kama miezi 31 ilikuwa mingi nauelewa, hata mimi naweza kukubali ilikuwa mingi. Lakini kusema hoteli zichomwe, wiki ambayo hoteli zinachomwa, kunaingiaje kwenye mizani moja na mchoraji wa katuni za Mtume? Mchoraji ametukana imani yangu. Huyu alizungumzia watu kuungua.

Na msiniambie "Waingereza ndivyo walivyo". Asubuhi baada ya msikiti wa Southport kupigwa, mafundi ujenzi wa mji ule ule walikuja na koleo zao wakajenga upya ukuta. Tarehe 7 Agosti maelfu walijaa barabara za Walthamstow, London, kuwazuia wahuni. Wale ndio wanaoyajua makubaliano. Wenye bendera mabegani ndio wageni wa sheria za nchi yao.

Kuhusu uraia wenyewe nitasema moja tu. Shamima Begum alizaliwa London, akatorokea Syria akiwa na miaka 15, mwaka 2019 akavuliwa uraia kwa hoja kwamba kwa wazazi wake ana haki ya uraia wa Bangladesh. Bangladesh ikasema haimtambui. Simtetei. Nasema Mwingereza wa kuzaliwa asiye na asili wala uraia wa nchi nyingine hawezi kuvuliwa uraia hata afanye nini, sheria hairuhusu. Wa kwangu unavulika, na wa wanangu waliozaliwa huku unaweza kupimwa kwa mizani ya kwangu.

Sasa nigeuke kwa watu wangu, na wengine mtaninunia, nuneni.

Machi 2021 mwalimu wa somo la dini pale Batley, Yorkshire, aliwaonyesha wanafunzi katuni ya Mtume (S.A.W.) katika somo la mjadala. Watu wetu wakajaa getini mwa shule. Mwalimu akasimamishwa, uchunguzi ukaja kuona hakukusudia kuudhi, lakini kwa vitisho alivyopata ilibidi ahame na familia yake na kuishi mafichoni. Mwalimu! Mwaka 2025 tena, London, mtu alichoma Msahafu mbele ya ubalozi mdogo wa Uturuki. Mtu mwingine akatoka na kisu akamshambulia. Aliyechoma alitozwa faini ya pauni 240, na Oktoba akashinda rufaa. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp watu walitaka kuchana nguo. Mimi nasema jaji wa rufaa alikuwa sahihi, na wallahi nililia nilipoiona ile video. Mwenye kisu ndiye aliyetuvunjia heshima kuliko aliyeshika kiberiti.

Hivi mmesahau Mbagala, Oktoba 2012? Mtoto mmoja alikojolea Msahafu katika ubishi wa kitoto, makanisa yakachomwa. Nani aliyeheshimika siku ile? Kurani ilipata nini?

Mnaodai sheria ya kukufuru irudishwe Uingereza, mnadhani itashikwa na nani? Mtaikabidhi kwa serikali ambayo kesho inaweza kuongozwa na hao hao wa Reform, halafu mtashangaa khutba ya Ijumaa inapoanza kuitwa matusi.

Kama kuna mjumbe wa kamati ya msikiti wowote wa Uingereza anasoma hapa, nina ombi moja tu kwako. Ijumaa hii apande khatibu kwenye mimbari, kwa Kiingereza kila mtu asikie, aseme mwalimu wa Batley arudi kufundisha na atakayemgusa si mwenzetu. Sitaki taarifa ya barua pepe iliyoandikwa na wakili. Nataka mimbari. Kama hamuwezi, andikeni hapa sababu, kwa majina yenu, nami nitawajibu mmoja mmoja.