Ushauri: Mkaguzi wa hataza amelikataa dai langu la kutafuta kanga kwa picha na maandishi. Nifanyeje?

MwanaChumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi siku ya sita leo, naomba msinipite.

Mama yangu anauza kanga hapa Tanga tangu sijazaliwa. Wateja wa siku hizi hawaji na jina la kanga, wanakuja na simu. "Bi mkubwa, nataka kama hii aliyofunga shangazi harusini." Ukiangalia picha, kanga imefungwa kiunoni, imekunjwa, na la jina utaona herufi sita saba tu. Mama anapindua rafu nzima, na mara nyingi mteja anaondoka mikono mitupu wakati kanga yenyewe ipo chini kabisa ya rundo.

Nikatengeneza programu. Unapiga picha, inatenganisha pindo na mji, inatafuta ule ukanda wa jina juu ya pindo la chini, inasoma maandishi, kisha inachanganya maneno na maumbo ya mji mpaka inaipata kanga ile ile. Nikaiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa njia ya PCT, ule mkataba wa kimataifa wa kuombea nchi nyingi kwa ombi moja. Wiki iliyopita ikaja ripoti ya utafutaji pamoja na maoni ya mkaguzi. Anasema dai namba 1, yaani sentensi inayotaja ninachotaka kilindwe, halina upya, kuna andiko lililotangulia.

Kuna mfanyabiashara wa jumla wa Mombasa anataka kununua haki ya kuitumia. Nimemwahidi jibu mwisho wa mwezi. Nimwandikie nini mkaguzi ili aelewe kwamba hii ni kazi ya mikono yangu? Nawasilisha.

Kibarazani:
Naweka mkeka hapa nasubiri wajuzi. Ila mkuu, nikiipiga picha ile ya SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, itanipeleka dukani au stendi?

MzeeWaNgamiani:
Kijana, pole. Mimi yalinikuta na jiko la mkaa. Nililitengeneza mwenyewe, lina milango miwili ya hewa, likiiva maharage mkaa unabaki nusu. Akaja bwana mmoja na kamera, akapiga picha juu, chini, ubavuni, akasema atanitafutia wafadhili. Miezi minne baadaye nayaona majiko yangu barabarani, yamepakwa rangi ya bluu. Mke wangu hadi leo akipita pale anageuza uso. Kwa hiyo nakwambia, usimwonyeshe mtu kitu chochote. Chochote!

Bi_Leso:
Mwanangu, mimi ni mtu wa Mombasa, leso kwetu ni mavazi, ni barua, ni sanda ya heshima. Majina yale ni ya mama zetu. Sasa wewe unataka kuyafungia kwenye karatasi za Wazungu? Tulishaona Disney ikasajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003, watu wakaja kuamka 2018 na kuanza kutia saini za kupinga. Mwogope Mungu.

MwanaChumbageni:
Shikamoo Bi. Sijaomba hataza ya jina lolote wala ya pindo lolote. Nimeomba ya namna ya kuitafuta tu. Kanga zinabaki za wenyewe.

Msoma_Madai:
Bi_Leso, ile ya Disney ilikuwa alama ya biashara, ni sheria nyingine kabisa. Hataza hailindi msemo.

MwanaChumbageni, nimefanya kazi ya kuandika na kusoma madai ya hataza miaka mingi, hebu tuanze taratibu. Kwanza, mkaguzi hajakukataza kitu. Katika hatua hii ya PCT anatoa maoni, wa kukubali au kukataa ni ofisi za nchi utakazoingia baadaye. Pili, kwenye ripoti kila andiko limewekewa herufi. X maana yake andiko hilo peke yake linaliua dai. Y maana yake linaliua likishirikiana na jingine. A ni la kufahamisha tu, halikudhuru. Una herufi gani, na andiko lenyewe ni lipi?

MwanaChumbageni:
Ni X. Andiko ni tasnifu ya chuo kimoja, iliwekwa kwenye maktaba ya mtandaoni miezi 16 kabla sijawasilisha ombi. Ila ni tasnifu ya kawaida tu, sidhani hata kama watu kumi wameisoma. Turudi kwenye swali, lugha gani inafaa kumjibu mkaguzi?

Msoma_Madai:
Tasnifu ya nani?

FundiSimu_Makorora:
Mimi nashauri achana na hataza. Weka programu sokoni, watu watumie, pesa iingie. Mimi hapa nabadilisha vioo vya simu ishirini kwa siku, hakuna aliyewahi kuniuliza hataza. Na ukitaka simu yenye kamera nzuri ya kupigia hizo kanga, njoo dukani tuongee.

Msoma_Madai:
Nauliza tena, tasnifu ya nani?

MwanaChumbageni:
Ni yangu.

Ni ya shahada yangu ya uzamili. Sikuitaja kwa sababu naona haihusiki. Mtu anaibaje kwake mwenyewe? Mvumbuzi ni mimi, mwandishi ni mimi, jina kwenye ombi ni langu. Nimeshamwandikia mkutubi wa chuo aiondoe mtandaoni, ikitoka nitamwonyesha mkaguzi kwamba haipo. Nadhani hiyo ndiyo njia fupi. Halafu msinilaumu, yule mfanyabiashara ameshanipa malipo ya awali na nimelipia ada ya mdogo wangu. Siwezi kurudi nyuma.

Msoma_Madai:
Ndugu yangu, huo ndio moyo wa jambo lenyewe, na ulikuwa umeuficha.

Mkaguzi hakuulizi nani aliiba. Anauliza swali moja, kabla ya siku uliyowasilisha ombi, umma ulikuwa na uwezo wa kukijua kitu hiki? Kama ndiyo, upya umekwisha, hata kama aliyeutangazia umma ni wewe. Wala idadi ya wasomaji haiangaliwi. Marekani mwaka 1986 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Hall, ombi la hataza likaanguka kwa sababu ya tasnifu moja iliyokuwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya maktaba, mtu angeweza kuiomba akaisoma, basi ikatosha. Ya kwako iko kwenye intaneti, inatafutika kwa maneno. Kuiondoa leo hakufuti kwamba jana ilikuwepo, na mkaguzi ana nakala yake tayari. Mwandikie mkutubi aache.

Ona mwenzako David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Ndiye aliyebuni SIFT, ile mbinu ya kutambua sehemu za picha hata ikigeuzwa au ikikuzwa. Kazi yake ilitoka kwenye mkutano wa kitaalamu Septemba 1999. Lakini ombi lake la awali la hataza alikuwa amelifungua Machi mwaka huo huo. Hataza ikatoka 2004, ikaisha 2020. Alitangulia ofisini miezi sita kabla ya kuitangaza.

Shahidi_wa_Pili:
Wakuu, mnakunywa chai bila kuuliza majani yametoka wapi. Akaunti ina siku mbili. Mtoto wa muuza kanga Tanga analipia ombi la kimataifa? Ada zake ni maelfu ya dola. Na mkaguzi wa huko nje ataijuaje tasnifu ya chuo chetu? Halafu kila tukiuliza, jibu linakuja kwa vipande kama tamthilia. Mimi naona huyu ni mwanafunzi ana swali la darasani kuhusu upya, anatutumikisha. Au Msoma_Madai ndiye huyo huyo, anatafuta wateja.

Kibarazani:
Duh. Na mkeka nilishautandika. Chai kama ni chai basi iletwe na mihogo.

MzeeWaNgamiani:
Hata mimi nilipoeleza habari za jiko langu walisema natunga.

MwanaChumbageni:
Imeniuma, lakini nitajibu. Akaunti ni mpya kwa sababu sikutaka mfanyabiashara anitambue kwenye ile ya zamani. Ada nililipa pungufu, anayeomba kwa jina lake binafsi kutoka nchi kama yetu anapunguziwa asilimia 90 ya baadhi ya ada za PCT. Iliyobaki mama aliuza cherehani yake. Hilo sikutaka kuliandika hapa.

Ripoti siwezi kuibandika nzima, nainakili kwa mkono. Fungu la kutafutwa: G06F 16/50 na G06F 16/30. Andiko D1, tasnifu, X, madai 1 hadi 5 na 9. Andiko D2, ombi la hataza kuhusu kusoma vibandiko vya bidhaa kwenye picha, Y, dai 9. Kisha D1 tena, A, madai 6 hadi 8.

Tasnifu niliiandika kwa Kiingereza na ikisiri ina Kiswahili. Ukiandika "kanga" na "kutafuta picha" inakuja juu kabisa. Nimejaribu mwenyewe.

Msoma_Madai:
Shahidi, hayo mafungu ni sahihi. G06F 16/50 ni utafutaji wa picha zisizotembea na 16/30 ni wa maandishi. Anayebahatisha asingeyapata yote mawili. Na mimi sitafuti mteja, sitampa mtu namba.

MwanaChumbageni, umeusoma ule mstari wa mwisho? Madai 6 hadi 8 yana A! Mkaguzi mwenyewe anakuonyesha mlango ulio wazi. Dai 6 linasema nini?

MwanaChumbageni:
Hilo ni la kanga iliyokunjwa. Kwenye tasnifu nilitumia kanga zilizotandazwa mezani, jina lote linasomeka. Baada ya kuhitimu ndipo nikarudi dukani nikaona picha za wateja hazifanani na za mezani hata kidogo. Tuseme zinaonekana herufi "TE ABIRIA DE" tu. Programu inaanza na maumbo ya pindo, inaleta majina yanayowezekana, kisha inapima vile vipande vya herufi vingekaa wapi kwenye kila jina kulingana na mkunjo ulivyopita. Jina likikubali, linarudi kusahihisha uchaguzi wa maumbo. Inazunguka hivyo mara mbili tatu.

Msoma_Madai:
Hiyo ndiyo hataza yako, ya kwanza ilikuwa maandalizi. Lichukue dai 6 uliingize ndani ya dai 1. Una nafasi ya kurekebisha madai ndani ya miezi 2 tangu ripoti itumwe au miezi 16 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani siku ya ombi lako la kwanza, itakayochelewa kati ya hizo. Usiongeze neno ambalo halikuwemo kwenye maelezo ya siku ile. Wala usidai "kuchanganya picha na maandishi" kwa ujumla, tangu OpenAI watoe CLIP, mfumo wao wa kulinganisha picha na maandishi, Januari 2021 hilo linajulikana dunia nzima. Dai mkunjo. Na liandike kama suluhisho la kiufundi, maana Ulaya kifungu cha 52 cha mkataba wao wa hataza hakitoi hataza kwa programu ya kompyuta kama ilivyo, na Marekani tangu kesi ya Alice ya 2014 wazo tupu halipiti.

Sasa nijibu kwa ukweli. Hiyo ya mkunjo, uliwahi kumwonyesha mtu kabla ya kuwasilisha?

MwanaChumbageni:
Ilikuwa Sabasaba, Dar. Kuna video. Miezi 8 kabla ya ombi. Lakini ilikuwa ya kuhamasisha tu.

Msoma_Madai:
Inaonyesha matokeo tu au unaeleza inavyofanya kazi?

MwanaChumbageni:
Naeleza. Dakika 11, hatua kwa hatua, nimeshika kanga ya mama mkononi. Nilikuwa na furaha sana siku ile.

Msoma_Madai:
Basi Ulaya usipeleke pesa yako, video hiyo itakufungia mlango. Lakini Kenya na Marekani zinampa mvumbuzi miezi 12, alichokitangaza mwenyewe ndani ya muda huo hakimhukumu. Miezi 8 imo ndani. Tasnifu ya miezi 16 haimo, ndiyo maana dai 1 la zamani haliokoki popote. Mnunuzi wako yuko Mombasa, kwa hiyo Kenya ndiyo unayoihitaji zaidi, na una miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele kuingia huko.

Angalia pia sera ya chuo. Hataza ya PageRank, mbinu ya Google ya kupanga matokeo ya utafutaji, jina la mvumbuzi ni Larry Page, lakini mwenye mali alikuwa chuo chake cha Stanford, wakalipwa hisa za Google walizokuja kuziuza kwa dola milioni 336. Na huyo mnunuzi mwambie leo kwamba ni ombi, si hataza. Mpe na video aione.

MwanaChumbageni:
Nimempigia. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza kama programu itaendelea kufanya kazi. Nikasema ndiyo. Akasema anataka mkataba upya, bei ishuke, lakini hajadai pesa yake. Mkutubi pia nimemwandikia aiache tasnifu ilipo. Sera ya chuo naenda kuichukua Jumatatu.

Shahidi_wa_Pili:
Samahani kwa lile la chai. La cherehani nimelisoma mara mbili.

Bi_Leso:
Mwanangu, na mimi nina picha. Marehemu mama yangu amekaa kwenye jamvi, leso iko mapajani, imekunjwa. Naona "FIRIE NYOTA YA M" basi. Rangi imepauka. Nimeitafuta Biashara Street miaka tisa.

MwanaChumbageni:
USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, Bi. Ila jina hilo limechapwa kwa sura nyingi. Ipige tena picha mchana, mlangoni, bila taa. Pindo lake unaliona lina korosho au maua?