Tupeane uzoefu: kufundisha matini ya maneno, picha na sauti kwa wanafunzi wetu, Lamu na Malindi

Maalim wa Mkomani
Assalaam aleikum walimu. Nimetoka kusahihisha slaidi za muhula na kazi ni ileile: picha ya machweo ya Shela, kando yake aya iliyonakiliwa. Nawaomba kila mmoja alete mbinu inayofanya kazi na kasoro zake.

Naanza na kipimo kimoja. Funika picha, soma maneno peke yake. Kisha funika maneno, tazama picha. Ikiwa hakuna kilichopungua, picha ni pambo tu. Mwanafunzi ametunga aya, hajatunga matini ya picha na maneno. Wataalamu wa kundi la New London mwaka 1996 walitaja njia tano za kujenga maana: lugha, picha, sauti, ishara za mwili na mpangilio wa nafasi. Kwa kuanzia chukueni mbili. Ukiingiza zote siku moja, kipindi cha dakika 40 kinaishia kwenye kuchagua rangi na aina ya herufi.

Bi Langoni
Waaleikum salaam maalim. Khanga kwanza, kabla tableti haijawashwa.

Leta khanga mbili darasani. Ikunje ya kwanza, lionekane pindo tu, waulize khanga hii ni ya nani na ya shughuli gani. Waandike. Ifunue, wauone mji, yaani sehemu ya katikati. Wengi watabadilisha jibu. Mwisho lisomwe jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Sasa chukua ukanda wa karatasi, andika jina la khanga ya pili, libandike juu ya jina la kwanza. Nguo ile ile, rangi zile zile, ujumbe mwingine kabisa. Hapo mtoto ameona kwa macho yake maneno yanavyoibana picha, na picha inavyoyapa maneno makali au upole.

Kasoro yake: watakimbilia jina na kukueleza maana yake kama methali ya mtihani, waache pindo na mji. Ndiyo maana jina lije mwisho. Hatua ya pili, jina lilelile lirekodiwe mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti ya mama anayempongeza bintiye, mara ya pili kwa sauti ya jirani anayesuta. Sauti tayari imekuwa njia ya tatu, na hakuna aliyefundishwa istilahi yoyote.

Mwana wa Gede
Naunga mkono. Na haihitaji umeme wala bando.

Mwalimu wa Barani
Bi Langoni, kwa heshima zote, khanga inakula vipindi viwili na mtoto bado hajui faili lake limehifadhiwa wapi. Mikono kwanza. Folda moja kwa kila kundi, na jina la faili liwe na darasa, kundi, mada na toleo: 8B_k3_uvuvi_t2. Mkiacha majina huria, wiki ya pili mna faili ishirini zinazoitwa "mwisho" na "mwisho kabisa".

Lingine linaloumiza ni sauti na video kwenye slaidi. Programu nyingine huweka kiungo tu cha kuelekea faili, haziliingizi faili lenyewe ndani. Mwanafunzi akihamishia slaidi kwenye flashi, sauti inabaki kule kule kwenye kompyuta, na siku ya kuwasilisha kuna kimya. Sauti, picha na slaidi zikae folda moja, na inayonakiliwa iwe folda nzima.

Bi Langoni
Anayejua kuhifadhi faili na hana cha kusema, amehifadhi nini, mwalimu? Mimi sitoi kipindi cha khanga.

Mwalimu wa Barani
Na aliye na la kusema likapotea kwenye flashi?

Maalim wa Mkomani
Nyote mna haki. Tuendelee.

Fundi Mitambo, Malindi
Kwa shule ambazo intaneti yake hukatika: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo sana), memori kadi ya GB 32, programu ya Kiwix ya kusomea Wikipedia bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili. Vyote vinaingia na nafasi inabaki. Msitegemee Wi-Fi ya Pi yenyewe kwa darasa zima, inazidiwa. Wekeni ruta ya kawaida kando yake, mawimbi ya 2.4 GHz. Nyumba na madarasa ya Lamu yenye kuta nene za matumbawe huyameza mawimbi ya 5 GHz upesi zaidi. Ruta ikae chumba kile kile wanamosomea, juu, mbali na kabati la chuma.

Tatizo litakalowasumbua ni hili: tableti ya Android ikiona Wi-Fi haina intaneti, huikimbia yenyewe na kurudi kwenye data ya simu. Mwanafunzi anakwambia "haifunguki" na wewe unahangaika na ruta isiyo na kosa. Zimeni data na ule uamuzi wa kubadili mtandao kiotomatiki.

Umeme: betri ya tableti ya mAh 4000 ni kama Wh (wati-saa) 15. Tableti 20 ni Wh 300, na ukihesabu upotevu wa chaja sema 400. Betri ya risasi ya V 12, Ah 100 ina Wh 1200, lakini usitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo inatosha kuzijaza mara moja kwa siku, pamoja na ruta na Pi. Chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa: zikae kwenye sanduku lenye mfuniko unaobana, na tundu la chaja likianza kuota kijani, zima kabisa, safisha kwa spiriti na mswaki mkavu, acha likauke.

Mkunguni
Naona mnazungumzia mitambo, na zoezi la habari za uongo hamjaligusa. Hilo ndilo linaloweza kuumiza mji mzima, kwa hiyo mnisamehe urefu.

Walimu wengi huwaambia wanafunzi watunge bango la habari ya uongo ili wajue linavyojengwa. Vizuri. Ila fikirini kundi moja likichagua "boti ya abiria ya Mokowe imepinduka". Wataweka picha halisi ya gati, ukanda mwekundu, saa ya tukio, na sauti ya mwanamke analia. Chini wameandika ZOEZI kwa herufi ndogo. Bango liko kwenye projekta, mlango uko wazi, mtu anapiga picha kwa simu. Picha inakatwa chini, ZOEZI limeondoka. Inaingia kwenye kundi la familia. Tangu 2020 WhatsApp huruhusu ujumbe uliosambazwa mara nyingi, ule wa mishale miwili, upelekwe kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Lakini picha ya skrini huhesabiwa kuwa ujumbe mpya, na alama ya mishale hupotea. Kabla kengele haijalia, kuna mama amekimbilia gatini bila viatu kwa sababu mwanawe alivuka asubuhi. Na aliyesambaza anaweza kujiingiza kwenye matatizo ya kisheria.

Kwa hiyo: hakuna ajali, ugonjwa, siasa wala jina la mtu. Chagueni dai ambalo mji mzima unaona kwa macho kuwa si kweli, mfano Nguzo ya Vasco da Gama kuhamishwa kutoka Malindi ikasimamishwa mbele ya Ngome ya Lamu. ZOEZI liandikwe mshazari katikati ya picha, liwe kubwa, lisikatike. Au fanyeni kwa karatasi na mkasi, kisha karatasi zibaki kwa mwalimu.

Mwana wa Gede
Subhanallah. Hiyo ya kukata chini sikuwa nimeiwaza.

Mwalimu wa Barani
Basi zoezi lifutwe kabisa. Watoto wachambue uongo wa wengine, wasitunge wao.

Mkunguni
Hapana, mwalimu. Aliyewahi kuchagua sauti ya kilio ili aaminiwe ndiye atakayeisikia ikitumiwa dhidi yake.

Mwalimu wa Barani
Sikubaliani, na sitabadilika kwa hilo.

Binti Shela
Wa kuchambua, jaribuni bahari. Picha ikidai ni Lamu "jana saa sita mchana", tazama maji kwenye ngazi za gati kisha jedwali la maji ya siku hiyo. Kujaa na kupwa hupishana kwa saa sita na ushei, na tofauti ya kina inaonekana waziwazi. Barabara pana yenye matatu ikiitwa Mji wa Kale wa Lamu, mtoto wa hapa anajua papo hapo. Kutafuta kwa picha, kama Google Lens, kunahitaji mtandao, kwa hiyo mwalimu atafute mapema na kuchapisha kurasa za majibu, darasa lishughulike na tarehe na chanzo cha kwanza.

Mpigasauti
Sauti: kaskazi au kusi ikivuma, msirekodi ufukweni. Chumba chenye magodoro au mapazia. Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo "p" na "b" zitapasua. Dakika moja ni maneno 110 hadi 120, kwa hiyo kazi ya sekunde 90 isizidi maneno 180. Hifadhini MP3 ya kbps 64, ni kama nusu MB kwa dakika. WAV hufika MB 10.

Binti Shela
Na manukuu, yale maandishi ya chini ya video? Ya kiotomatiki yanaharibu Kiswahili chetu.

Mpigasauti
Yaandikeni kwa mkono. Mistari miwili, herufi 32 kila mstari kwa kuwa maneno yetu ni marefu, yakae sekunde mbili au zaidi. Nyeupe juu ya kisanduku cheusi. Juu ya mchanga wa Malindi nyeupe tupu haisomeki.

Maalim wa Mkomani
Kabla ya kutuma kazi nje ya darasa: picha yenye uso wa mtoto iwe na ridhaa ya mzazi, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo. Na picha ikitumwa WhatsApp kama dokumenti, mahali ilipopigwa hubaki ndani ya faili. Ondoeni kwanza.

Bi Langoni
Maalim, ridhaa hiyo tunaiandika kwa Kiswahili au kwa lugha ya ofisi? Mwenye nakala iliyo tayari aiweke hapa.