Kliniki ya sheria ama studio ya picha? Nimetolewa kwa grupu juu niliongea na mteja Kiswahili

Wasee nimejaribu kunyamaza wiki tatu na imenishinda. Niko mwaka wa tatu sheria, kampasi moja hapa Kisumu, sitaitaja maana bado nataka kumaliza na vile maksi hupotea huku kwetu hata bila kukosana na mtu, sijui itakuwaje wakinijua.

Sasa. Jumamosi moja muhula huu chama chetu cha wanafunzi wa sheria kilipeleka kliniki yake Manyatta, mtaa wa hapa Kisumu, uwanja wa kanisa, "msaada wa kisheria bure kwa jamii". Bure kwa jamii lakini sisi wanafunzi tulitoa 1,500 kila mtu ya tisheti na usafiri, na huo usafiri ulikuwa tuktuk, tumebanana nyuma mimi nimepakata bango. Wakubwa wa chama wao walivaa suti nyeusi na tai. Joto la Kisumu mnalijua. Na nusu ya hizo suti ni za soko la Kibuye, za Jumapili, najua kwa sababu tulienda kuzichagua pamoja tukashusha bei mpaka muuzaji akatuuliza kama kweli tunasomea uwakili ama udalali.

Saa tano hivi akaingia mama mmoja anauza samaki, hapo hapo Kibuye. Amebeba daftari, kurasa zimeshikana kwa maji ya samaki, kuna gamba moja limekaukia katikati ya hesabu za mwezi wa pili. Lakini fungua uone. Tarehe, ngege (samaki) wangapi, bei, jumla, na pembeni sahihi ya kijana wa hoteli aliyepokea, kila siku, miezi mitatu, bila kuruka. Hoteli imekula samaki wake kwa mkopo hadi deni likafika 86,400, sasa mwenye hoteli hashiki simu. Nimesoma sheria ya ushahidi mimi na sijawahi kuona kielelezo kimepangwa hivyo, hata kama kinanuka.

Akakalishwa kwa meza ya "wakili" wetu mkubwa, mwanafunzi kama sisi, yule bingwa wa moot, mashindano ya kesi za kuigiza, tunamuita Mheshimiwa na hata hatanii akiitika. Mama anaeleza Kiswahili, jamaa anajibu Kiingereza. Mama anarudia polepole akidhani hajasikika, jamaa anampiga na Kilatini, consensus ad idem, halafu quantum meruit, huku anaangalia kamera iko wapi. Mama akaanza kuitikia tu "sawa, sawa", ile sawa ya mtu amesomewa majina ya dawa hospitali. Picha zikapigwa kama kumi, moja Mheshimiwa ameshika daftari juu kama Biblia. Mwisho, "tutakupigia mama". WASEE HAKUNA MTU ALICHUKUA NAMBA YAKE YA SIMU. Nilikuwa hapo naangalia ile fomu, sehemu ya simu tupu kabisa.

Nikamfuata kwa geti. Mimi ni wa Mumias, Dholuo yangu ni ya kununua sukuma tu, kwa hivyo tukaongea Kiswahili, dakika kumi na tano tumesimama kivulini. Nikamwambia mama, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliundwa na sheria ya 2016, inachukua deni lolote lisilozidi milioni moja, kesi inafaa iishe ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili, unaweza kusimama mwenyewe na hiyo daftari yako na huyo kijana akaulizwa kama hiyo ni sahihi yake ama si yake. Akaniangalia akasema, "Nyathina (yaani mwanangu), si huyo wa tai angesema tu hivyo?"

Jioni nikaandika kwa grupu la kliniki, kwa heshima kabisa, nina skrinishoti. Nikauliza tu kama tunaweza kukubaliana mteja akiongea Kiswahili tumjibu Kiswahili, akija na Dholuo akae na mtu wa Dholuo, na tuandike namba za watu. Dakika tisa. Nilitolewa. Jumatatu napata barua ati nimesimamishwa kliniki kwa "kushusha hadhi ya chama" na kwa "kutoa ushauri nje ya utaratibu". Hakuna aliyeniita wala kuniuliza. Na hiyo Jumatatu, saa nane mchana, tulikuwa na somo la haki ya kusikizwa kabla ya kuhukumiwa, na aliyesaini barua yangu ndiye alinyanyua mkono akaeleza vizuri kabisa Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inasema nini. Nilitamani kucheka lakini nilikuwa nasikia kulia.

Na kabla mtu hajaingia hapa kuniambia Kiswahili si lugha ya sheria, kasome Katiba ibara ya 7, lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndicho kimetajwa kwanza. Kasome kifungu cha 86 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Mahakama Kuu na ya Rufaa ndiko Kiingereza, korti za chini ni Kiingereza AMA Kiswahili. Hizo za chini ndizo watu wengi wanafika! Kuna lekchara wetu mmoja mzee alikuwa hakimu, huyo ndiye pekee hutuambia hivi vitu, na darasa lake watu husinzia kwa sababu hana Kilatini.

Kinachoniuma ni hiki, hawa watu wanaijua kesi ya konokono kuliko majina ya majirani zao. Ile ya Donoghue, 1932, mama aliyekunywa soda ya tangawizi kule Paisley, Scotland, akakuta konokono ndani ya chupa, akaugua tumbo, akamshtaki mtengenezaji. Wataitoa kwa kichwa, rafiki ndiye alinunua, kwa hivyo hakukuwa na mkataba, na kadhalika. Lakini waulize huyo May Donoghue alikuwa nani. Alikuwa anafanya kazi ya duka, maskini hadi ikabidi Malodi wa Uingereza, korti ya juu kabisa ya wakati huo, wamruhusu kuendesha rufaa kama fukara, na wakili wake aliibeba kesi bila kudai ada. Yaani hiyo kesi tunaiimba kila mtihani ilianza na mama mchovu aliyeingia kwa ofisi ya mtu na huyo mtu akamsikiliza. Angekuja kliniki yetu angepigwa picha aende nyumbani na tumbo lake.

Haya, sikuachia hapo. Nikarudi Kibuye siku mbili baadaye, tukaandika barua ya kudai na yeye, Kiswahili, jina lake na sahihi yake, mimi sijajiita wakili popote wala sijachukua senti. Tukaenda saiba tukachapa, tukatoa nakala ya zile kurasa za sahihi, akaipeleka hotelini mwenyewe na apron yake ya kazi akasimama hapo kwa mlango saa ya lanchi. Siku ya nne mwenye hoteli akamtumia 30,000 na akaahidi 56,400 iliyobaki kwa awamu mbili. Asipotimiza tunaenda kufungua kesi, fomu tayari.

Nilimwambia classmate mmoja. Mmoja tu!!

Juzi naamka nakuta posti kwa ukurasa wa chama. Ile picha, Mheshimiwa na daftari juu, mama pembeni ameinamisha uso, na maneno: "Kliniki yetu yarejesha haki kwa mama mnyonge." Wameandika hadi pesa ngapi amelipwa. Watu mia mbili wamepongeza, lekchara wawili wameandika hongera.

Sasa huko sokoni imeshafika. Wenzake wanamuuliza alipata pesa ya wakili wa suti wapi, wengine wanataka awakopeshe, na mtoto wake wa kidato cha pili ameonyeshwa hiyo picha shuleni. Jana nimepita kwa meza yake, alikuwa anapara samaki, hakuinua macho. Akaniuliza, "Nyathina, mnyonge ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisimama hapo na magamba yananirukia viatu.

Nimewaandikia waitoe, mara mbili, wamesoma na hawajajibu. Hakuna mahali mama alikubali picha yake itumike. Kama kuna mtu hapa amewahi kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data kwa ile sheria ya 2019 ya kulinda data za watu, naomba anielekeze kama mama anaweza kuandika mwenyewe kwa Kiswahili ama itabidi nimuandikie. Na zile 1,500 zangu, mweka hazina najua unasoma hapa, nimeshaiweka tisheti kwa mfuko, kuja uichukue.