Naomba ushauri: kwato zinaoza na farasi hawanywi maji ya kutosha msimu huu wa baridi (Usa River, Arusha)

Wakuu habari, shikamooni wakubwa.

Banda lina farasi sita wa mazoezi ya mbio, kila mmoja kama kilo 450. Tangu Juni ukungu wa Mlima Meru hauondoki mpaka saa nne asubuhi, maranda hayakauki na mkojo unatuama. Wawili wameanza kuoza kwato za nyuma: ukichokoa mifereji ya pembeni ya ile pembetatu laini iliyo chini ya kwato, unatoka uchafu mweusi kama lami, harufu kali, na farasi anavuta mguu. Tunachokoa asubuhi na jioni, brashi kavu, kisha pamba ya ayodini inasukumwa mpaka ndani. Mrututu (kopa salfeti, ile dawa ya bluu) unakausha, najua, ila nahofia utachoma nyama iliyo wazi. Mnachanganya kiasi gani, au mnauacha kabisa?

La pili ndilo linaninyima usingizi. Farasi wa uzito huo anahitaji lita 25 au zaidi kwa siku, lakini ndoo zinabaki nusu na kinyesi kimekuwa vitonge vikavu. Kilo 9 za nyasi kavu bila maji ya kutosha ni kuukaribisha msokoto wa tumbo. Tunayafanya maji yawe vuguvugu, pumba tunaziloweka, chumvi vijiko viwili vya mezani kwa siku. Nani amejaribu kuloweka na nyasi zenyewe? Zinakaa saa ngapi kabla ya kuchacha?

Blanketi hawavai, manyoya yao hayajanyolewa.

Natanguliza shukrani.